Biblia yenye marejeo: nimeipima kwa wito wa Ibrahimu

Biblia yenye marejeo siipimi kwa jalada. Naifungua Mwanzo 12, pale Abramu anapoambiwa atoke katika nchi yake na nyumba ya baba yake, kisha naifuata safu ya katikati, inayoorodhesha aya nyingine zinazohusiana, nione itanifikisha wapi. Hii ni ya tafsiri ya Union, inashikika kwa mkono mmoja, na nyuma ina itifaki fupi, yaani orodha ya maneno na aya yanamopatikana. Nimekuwa nayo miezi minane, na ndiyo ninayoandalia masomo ya kikundi chetu.

Rejeo la kwanza lilinipeleka Matendo 7, nikakaa hapo jioni nzima. Stefano, akijitetea mbele ya baraza, anasema Mungu alimtokea Ibrahimu (ndiye Abramu) angali Mesopotamia, kabla hajakaa Harani. Lakini ukisoma Mwanzo moja kwa moja, ni Tera, babaye Abramu, anayewatoa watu wake Uru, mji wa Mesopotamia, wanatua Harani, ndipo sauti inasikika. Waliopanga marejeo hawakuniacha njia panda: wameweka Mwanzo 15:7, Mungu mwenyewe akisema alimtoa Uru, na Nehemia 9:7, Walawi wakilirudia hilo katika maombi. Kumbe Stefano hakuwa peke yake.

Kuna na suala la umri. Stefano anasema Ibrahimu alihama Harani babaye alipokwisha kufa. Tera alikuwa na miaka 70 alipoanza kuzaa, Abramu akaondoka akiwa na 75. Jumla 145, lakini Mwanzo 11:32 inampa Tera miaka 205, yaani angekuwa hai bado miaka 60 baada ya mwanawe kuondoka. Tanbihi inaeleza kwamba Torati ya Wasamaria, nakala yao ya vitabu vitano vya Musa, inampa Tera 145, na hapo hesabu inakubaliana na Stefano. Mstari mmoja tu, lakini kikundi kilikuwa kimenibana na swali hilo wiki mbili.

Kilichonigusa zaidi ni Isaya 51:2. Mungu anawaambia watu waliovunjika moyo wamtazame Ibrahimu, kwamba alimwita akiwa mmoja tu. Pembeni wameandika Ezekieli 33:24, nami sikuwahi kuzisoma pamoja. Kule, waliobaki katika magofu ya nchi ya Israeli wanashika neno lile lile: Ibrahimu alikuwa mmoja akairithi nchi, sisi tu wengi, basi ni yetu. Mungu anawakatalia, kwa sababu ya damu na vinyago vyao. Kumbukumbu ile ile, huku inafariji, kule imegeuzwa hati ya kiwanja. Nilisoma zote mbili kwa sauti mbele ya kikundi, watu wakanyamaza.

Kasoro yake kubwa, na hii imeniuma: katika Mwanzo 12 hakuna Yoshua 24:2. Ndipo panaposemwa wazi kwamba baba zao, Tera akiwamo, waliitumikia miungu mingine ng'ambo ya Mto, yaani Frati. Bila aya hiyo msomaji anaweza kudhani Ibrahimu aliitwa kwa kuwa nyumba yao ilikuwa ya wacha Mungu. Katika toleo lijalo waiweke, hata kama itabidi waondoe nyingine.

Herufi za safu ni ndogo mno. Usiku natumia lenzi. Karatasi ni nyembamba lakini haijachanika, na utepe bado mzima. Kama unasoma kwa ibada tu, chukua yenye maandishi makubwa. Kama unafundisha, chukua hii na penseli laini, maana wino unapenya. Yoshua 24:2 nimeiandika mwenyewe, pembeni ya neno “baba yako”.