Uzoefu wangu na MikroTik hAP ac lite, ruta iliyonifundisha kusoma anwani za IP

Huu ni mwezi wa nane tangu nifunge MikroTik hAP ac lite nyumbani kwangu Tabata. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye intaneti ya faiba na ruta ya ziada mkononi, anayeshangaa kwa nini vifaa viwili vizima vikiunganishwa vinagoma.

Boksi la faiba liko sebuleni, na waifai yake haifiki chumba cha nyuma. Kabla ya MikroTik nilinunua ruta nyingine, jina lake nalihifadhi. Nikavuta waya kutoka kwenye boksi nikauchomeka tundu la kwanza nililoliona. Simu zikashika waifai, mistari imejaa, intaneti hakuna. Ikija dakika tano inakata. Mke wangu akawa kila jioni anazima na kuwasha. Fundi alikuja, akasema ruta ni mbovu, akachukua elfu ishirini yake akaondoka.

Ruta ilikuwa nzima. Boksi la faiba linatumia anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao) ya 192.168.1.1, na ruta ile nayo ilitoka kiwandani na 192.168.1.1. Ni kama nyumba mbili za mtaa mmoja zenye namba ileile mlangoni. Mwenye mzigo hajui abishe hodi wapi. Tena zote mbili zilikuwa zinazigawia simu anwani, kazi inayoitwa DHCP, kila moja na daftari lake bila kujua mwenzake kaandika nini. Simu mbili zikipewa anwani moja, hapo ndipo mtandao unapoyumba.

MikroTik yenyewe inakuja na 192.168.88.1. Hiyo 88 ndiyo iliyonikomboa, kwa sababu mtandao wa ndani ukawa tofauti kabisa na wa boksi. Tundu la kwanza limetengwa kwa intaneti, manne yaliyobaki pamoja na waifai ni ya nyumbani. Nilichomeka, na chumba cha nyuma kikapata intaneti kabla sijabadilisha chochote zaidi ya nenosiri.

Ninachokipenda zaidi ni programu yake, WinBox. Inanionyesha kila kifaa kilichomo ndani na anwani kiliyopewa. Printa yetu ilikuwa inapotea umeme ukikatika, maana ikiwaka inapewa anwani mpya huku laptopu ikiitafuta ile ya zamani. Niliichagua kwenye orodha, nikabonyeza Make Static, na tangu siku hiyo printa haijahama. Siku nyingine nilibadilisha anwani ya ruta yenyewe nikakosea tarakimu, nikapotezana nayo. WinBox iliipata kwa namba ya MAC, ile ambayo kifaa kinazaliwa nayo kiwandani, nikarekebisha bila kuifuta yote.

Kuna jambo moja ambalo ruta yoyote isingenisaidia. Nilitaka kuiona kamera ya getini nikiwa kazini, nikahangaika wiki nzima kufungua njia ya kuingilia. Mwisho nikafungua ukurasa wa boksi la faiba kuangalia anwani linayopewa kutoka nje: inaanza na 100.72. Anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 ili watoa huduma waweze kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa kuwa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za IP, ina anwani kama bilioni 4.3 tu na dunia imeshazimaliza. Kwa hiyo kutoka nje hakuna mlango unaofika kwangu moja kwa moja. Angalia namba hiyo kwanza kabla hujapoteza wiki yako. Mimi sasa naiona kamera kupitia programu yake ya simu, ambayo kamera yenyewe ndiyo inayoanza kutoka kwenda nje.

Kama hutaki kabisa kugusa mipangilio, menyu zake zitakuchosha. Ni nyingi na zote ni za Kiingereza. Na matundu yake yanaishia Mbps 100. Kwangu kifurushi ni cha 30, kwa hiyo inatosha. Mwenye kifurushi kinachozidi mia moja achukue hAP ac², ambayo matundu yake ni ya gigabiti.