TAHADHARI: Nyumba za Kivictoria "zilizokarabatiwa" zenye mashamba huko Wales

Ndugu mnaotafuta nyumba Uingereza, hasa mnaonunua kwa mbali mkiwa Ghuba, Nairobi au Dar, someni hili kabla hamjatuma hata pauni moja.

Tangazo lenyewe huwa hivi: nyumba ya mawe ya miaka ya 1870 huko Powys, Ceredigion au Carmarthenshire, "imekarabatiwa kikamilifu", ekari kumi na mbili, kijito, banda la farasi, na bei iko chini kidogo ya nyumba za jirani. Muuzaji ana haraka. Anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho, na anataka arbuni kabla wakili hajafungua faili. Baadhi ya matangazo haya ni wizi wa wazi, yaani nyumba ipo ila anayeiuza si mwenyewe. Mengine nyumba ni yake kweli, lakini ukarabati wake umeishia kwenye rangi na mazulia mapya. Aina hii ya pili ni ngumu zaidi kuigundua, na hasara yake hujitokeza baada ya funguo kukabidhiwa.

Tuanze na pesa. Kwa sheria ya England na Wales, nje ya mnada, hakuna upande unaobanwa mpaka mawakili wa pande mbili wabadilishane mikataba. Hapo ndipo hulipwa amana, kwa kawaida asilimia 10, na huenda kwenye akaunti ya wateja ya wakili. Anayekuomba pesa ya "kuitoa nyumba sokoni" kwenye akaunti yake binafsi, achana naye. Kuna minada ya mtandaoni inayotoza ada ya kushikilia nyumba, na ada hiyo hairudi ukijitoa, kwa hiyo soma masharti yote kabla ya kubofya.

Jina la mwenye nyumba lipo kwenye daftari la HM Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi. Nakala ya daftari ni pauni 7 na ramani ya kiwanja ni pauni 7 nyingine. Ingia kwenye tovuti ya serikali yenyewe, maana kuna tovuti za kuiga zinazouza karatasi hizohizo kwa bei ya kuruka. Ukiambiwa mali haijasajiliwa, usishtuke mara moja: usajili wa lazima wakati wa kuuza ulienea England na Wales nzima tarehe 1 Desemba 1990, na mashamba ambayo hayajabadilisha mmiliki tangu hapo yanaweza kuwa bado na hati za karatasi. Lakini hizo hati lazima wakili wako azishike mkononi. Wakili naye mtafute kwenye orodha ya Solicitors Regulation Authority, mamlaka inayosimamia mawakili, kisha mpigie kwa namba iliyo humo. Wezi huingia kwenye barua pepe, wakasubiri wiki ya malipo, ndipo wakatuma ujumbe kwamba "akaunti imebadilika". Kila namba ya akaunti ithibitishwe kwa sauti, kwa simu uliyopiga wewe.

Sasa nyumba yenyewe. Ukuta wa Kivictoria wa mashambani Wales mara nyingi ni mawe yenye unene wa nusu mita au zaidi, kifusi katikati, umejengwa kwa chokaa. Mvua ikiupiga, maji huingia kidogo kisha hutoka tena kupitia chokaa. Fundi wa haraka huziba viungo kwa saruji, akapiga lipu ya saruji nje na plasta ya jasi ndani, akamalizia na rangi isiyopitisha maji. Saruji haisogei pamoja na jiwe, kwa hiyo hupata nyufa nyembamba. Maji huingia na hayana pa kutokea. Yanaelekea kwenye ncha za mihimili ya sakafu iliyochomekwa ukutani. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20, kuvu hupata makao, na lile liitwalo Serpula lacrymans hutambaa nyuma ya plasta, likapita juu ya mawe, kufuata mbao nyingine. Hayo yote yanaweza kuwa yanaendelea nyuma ya ukuta uliopakwa rangi mwezi jana.

Nenda baada ya siku mbili za mvua, na kama huwezi kwenda, mlipe mkaguzi wa RICS (chama cha wakaguzi wa majengo) anayezijua nyumba za chokaa, kwa ukaguzi wa kina wa ngazi ya 3. Aangalie chini ya madirisha, kuzunguka dohani na pembe za vyumba vya upande wa magharibi, ambako mvua hupiga zaidi. Aombe ruhusa ya kuinua zulia na kuichokonoa mihimili. Mashine ya kukausha hewa iliyofichwa kabatini, manukato makali kila chumba, samani kubwa zilizobanwa ukutani: viulizie vyote. Na ukionyeshwa "dhamana ya miaka 20" ya dawa ya kuzuia unyevu iliyodungwa ndani ya ukuta wa mawe, usiihesabu kama faida. Ukuta wenye kifusi katikati hauwezi kujazwa sawasawa na dawa hiyo, na chanzo cha maji, mara nyingi gata iliyoziba au udongo uliopanda juu ya usawa wa sakafu, hubaki palepale.

Paa lina hila zake. Sleti ya Wales, yaani mawe bapa ya kuezekea, kama ile ya Penrhyn huko Bethesda, hudumu zaidi ya miaka 100. Kinachokufa kwanza ni misumari ya chuma inayoishikilia. Ukiona vipande vidogo vya madini ya risasi vimekunjwa kwenye kingo za sleti nyingi, misumari imeoza na paa linashikiliwa kwa viraka. Kibaya zaidi ni povu lililopulizwa chini ya paa na kuitwa "kuhami joto". Linafunga unyevu kwenye mbao, linamzuia mkaguzi kuona chochote, na wakopeshaji wengi hukataa kuikopesha nyumba yenye povu hilo. Maana yake hata ukinunua kwa taslimu, atakayenunua kwako atakwama. Popo wakiwamo darini, nao wanalindwa na sheria. Kazi inayowagusa inahitaji leseni ya Natural Resources Wales, mamlaka ya mazingira ya Wales.

Ukarabati wa kweli huacha karatasi. Dai cheti cha halmashauri cha kukamilika kwa ujenzi, cheti cha umeme, vyeti vya mashirika yanayosajili mafundi, yaani HETAS kwa jiko la kuni, OFTEC kwa boila ya mafuta na FENSA kwa madirisha yaliyobadilishwa tangu 2002, pamoja na risiti za fundi wa paa. Muuzaji asiye nazo atakuambia atakukatia bima ya fidia. Bima hiyo hulipia gharama ukibanwa na halmashauri. Hairekebishi waya mbovu wala boriti iliyokatwa. Na jihadhari hapa: ukishaiuliza halmashauri kuhusu kazi hiyo, kampuni za bima kwa kawaida hukataa kuikatia. Zungumza na wakili kwanza, ndipo mtu apige simu.

Tafuta jina la nyumba kwenye Cof Cymru, hifadhidata ya bure ya Cadw, idara ya serikali ya Wales ya urithi wa kihistoria. Majengo zaidi ya 30,000 yameorodheshwa nchini humo. Ikiwa nyumba imo, kubadilisha madirisha ya mbao kwa ya plastiki, kubomoa ngazi au kung'oa plasta ya zamani bila kibali ni kosa la jinai kwa aliyefanya, na notisi ya kurudisha hali ya awali inaweza kumfuata mmiliki mpya, haijalishi miaka mingapi imepita. Mmiliki mpya ni wewe.

Ardhi nayo. Ekari za kwenye tangazo zilinganishe na mstari mwekundu wa ramani ya hati. Kuna shamba linalotangazwa kama sehemu ya nyumba kumbe ni la kukodi, au ni ardhi ya malisho ya pamoja ambayo wewe una haki ya kondoo kadhaa tu. Kondoo wakiwamo shambani, uliza ni wa nani na kwa mkataba gani. Upangaji wa kilimo uliozidi miaka miwili unahitaji notisi ya miezi 12 angalau, na ulioanza kabla ya Septemba 1995 unaweza kuwa mgumu mno kuuvunja. Njia za umma za miguu zipo kwenye ramani rasmi ya halmashauri, na ikipita uani kwako huwezi kuifunga. Soma pia vifungu vyote vya daftari. Huenda madini yalibaki kwa ukoo wa mabwanyenye wa zamani, au muuzaji wa awali ana haki ya kudai, mathalani, asilimia 30 ya ongezeko la thamani kwa miaka 25 ukipata kibali cha kujenga. Kipande chembamba cha barabara kinachomilikiwa na mtu mwingine kinatosha kukunyima njia ya gari.

Anayekuuzia "viwanja" vidogo vilivyokatwa kwenye shamba hilo, akiahidi kwamba kibali cha ujenzi kinakuja, anakuuzia majani.

Maji ya kisima au chemchemi yapimwe: bakteria wa E. coli sifuri katika mililita 100, risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Tangi la maji taka Wales linatakiwa liwe limesajiliwa Natural Resources Wales. Lile linalomwaga moja kwa moja kijitoni linaweza kukulazimu kuweka mtambo mpya.

Mtaambiwa pia kwamba nyumba yenu ya Mbezi au Kilimani haihesabiwi kwenye kodi. Inahesabiwa. Wales ina kodi yake ya ununuzi, na mwenye nyumba nyingine popote duniani yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi hutozwa viwango vya juu, isipokuwa anabadilisha makazi yake makuu. Nyumba ya pauni 500,000 hutozwa 18,000 kwa kawaida, na 42,450 kwa viwango vya juu vilivyoanza 11 Desemba 2024. Kwa nyumba ya pili, au inayokaa tupu muda mrefu, halmashauri inaweza kuongeza hadi asilimia 300 juu ya kodi ya mwaka. Na kumiliki nyumba hakukupi viza. Anayekuahidi ukaazi kwa kununua jumba ni tapeli.

Kama pesa imeshatoka, piga simu benki yako sasa hivi. Ukiwa Uingereza, wateja wa benki nyingi za huko wanaweza kupiga 159. Mpe taarifa wakili, ripoti polisi, na hifadhi kila ujumbe, risiti na picha ya tangazo kabla hawajalifuta.