Warfarini au rivaroksabani kwa moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki?

Vali ya moyo, yaani mlango unaopitisha damu, ikibana na mapigo yakaenda ovyo, damu hutuama moyoni na kuganda. Bonge hilo likipanda ubongoni, ni kiharusi. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Rivaroksabani inavutia, na naelewa kwa nini: kidonge kimoja kwa siku pamoja na chakula, basi. Warfarini inadai mengi. Unatolewa damu mara kwa mara kupima INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ambayo kwa kawaida inatakiwa ibaki kati ya 2 na 3, na dozi inapandishwa au kushushwa. Hata mboga ina neno: mchicha na kisamvu vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa. Si lazima uviache, ila usile sahani nzima leo kisha wiki mbili usiguse.

Wengi walitarajia dawa mpya ifanye vizuri. Utafiti wa INVICTUS, uliotoka 2022, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Upande wa rivaroksabani walifariki 552. Upande wa warfarini na dawa za jamii yake, 442. Na kuhusu kuvuja damu kwingi, hakukuonekana tofauti ya uhakika kati ya pande hizo mbili.

Kwa mgonjwa wa aina hii, basi, mimi nashika warfarini, pamoja na usumbufu wake wote. Mwanamke anayetaka kushika mimba amwambie daktari mapema, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.