Darasa la kabla ya operesheni ya goti na nyonga, Mwanza: nyota 4 kati ya 5

Hii ni kuhusu darasa la wagonjwa wanaosubiri kuwekewa goti au nyonga ya bandia, linaendeshwa na manesi na mtu wa fizio (mazoezi ya viungo) kwenye hospitali moja hapa Mwanza, jina siliweki maana kuna vitu nitavisema huko chini sio vya kuwasifia. Aliyefanyiwa ni mama yangu mzazi, goti la kulia, kwao Sengerema, na mimi ndo nlikuwa namuuguza kwangu Nyakato.

Wengi nnaowajua waliofanya hii operesheni waliambiwa tu njoo umefunga, usile, basi. Siku ya kuruhusiwa unapewa bahasha imeandikwa 1x3 au 2x2 mengine utajua mwenyewe nyumbani. Hawa wanawakalisha chini, mgonjwa na anayemuuguza pamoja, wiki kadhaa kabla ya operesheni, na sehemu kubwa ya mazungumzo inakuwa ni maumivu na dawa za maumivu, hasa hizi kali za jamii ya mofini, tramadol ikiwemo.

Nesi alianza kwa kusema ukweli. Hakusema usijali mama hutasikia kitu. Alisema ganzi ya mgongoni ikiisha mtasikia maumivu, siku mbili tatu za mwanzo ndo kali zaidi, goti kwa kawaida linauma kuliko nyonga, uvimbe unaweza kukaa miezi, na kazi ya dawa sio kufuta maumivu yote, ni kuyashusha mpaka uweze kulala, kusimama na kukunja goti. Kwangu mimi hiyo peke yake ilitosha kuja. Mtu akiambiwa hataumia afu akaumia anaona kuna kitu kimeharibika ndani, anaogopa, na akiogopa anaongeza vidonge.

Kuhusu dawa zenyewe walieleza vizuri mno. Msingi ni paracetamol, unameza kwa saa, sio unasubiri mpaka liume ndo ukimbilie, na mtu mzima asivuke gramu 4 kwa siku yaani vidonge 8 vya miligramu 500, mwenye shida ya ini apangiwe pungufu. Juu yake diclofenac au ibuprofen kama dokta karuhusu, maana mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu hizo sio za kujinunulia. Hapo wakatoa onyo ambalo nilipenda sana, kwamba kuna vidonge vina diclofenac na paracetamol humo humo ndani ya kimoja, sasa ukimeza hivyo na panadol zako pembeni unajikuta umepitiliza dozi bila kujua. Jamani watu wangapi mtaani wanafanya hivyo kila siku!

Tramadol wameiweka mwisho. Ni ya pale ambapo hizo zingine umemeza kwa wakati na bado huwezi kulala au kufanya mazoezi, dozi ndogo, siku chache, halafu unaipunguza na kuacha. Na hawakuishia kusema ni mbaya, wakaeleza kwanini. Dawa za jamii hii zinafanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, zinapunguza jinsi unavyoyasikia maumivu ila uvimbe wa goti zinauacha pale pale. Zinafunga choo, zinaleta kichefuchefu, usingizi na kizunguzungu, na bibi wa miaka sabini anayejifunza upya kutembea akiwa na kizunguzungu ataanguka. Ukikaa nazo muda mrefu mwili unazizoea, dozi ya jana leo haitoshi. Ukichanganya na pombe au dawa ya usingizi kama valium upumuaji unaweza kushuka mpaka mtu afe usingizini. Tramadol inaweza pia kuleta degedege, kwahiyo mwenye kifafa lazima aseme mapema.

Kulikuwa na mzee mmoja akauliza, "sasa mwanangu, mkinipunguzia hizo kali si mtaniacha nilie usiku kucha?" Nesi akamwambia hapana baba, kuna utafiti wa Chicago wa 2019, wagonjwa wa magoti na nyonga waligawanywa, wengine wakaandikiwa vidonge 30 vya oxycodone, dawa kali ya jamii hiyo hiyo ya mofini, wengine 90, na maumivu yao hayakutofautiana, ila wale wa 90, ukiwapanga kwa idadi ya vidonge vilivyobaki, mgonjwa wa katikati alibakiwa na vidonge 73 nyumbani, wale wa 30 alibakiwa na 15. Mzee akatikisa kichwa akasema kumbe. Na sisi tunajua vidonge vinavyobaki nyumbani vinaishia wapi, tramadol inauzwa vijiweni kwa vijana wetu, sio siri. Wakasisitiza ikibaki rudisha famasi ya hospitali, usimpe jirani anayeumwa mgongo hata akikuomba kwa machozi.

Fizio ndo alinifurahisha zaidi. Alifundisha mazoezi kabla ya kisu, kuchezesha vifundo vya miguu, kukaza msuli wa paja, kunyoosha na kukunja goti, ili baada ya operesheni mama asiyaone mageni. Na barafu. Dakika 15 mpaka 20, imefungwa kwenye kitambaa isigusane na ngozi, kidonda kisilowe, mguu umeinuliwa, unarudia mara kadhaa kwa siku. Mwanza mtu huwezi kulalamika umekosa barafu, ukienda Mwaloni Kirumba wanakopokea samaki ipo ya kumwaga, dogo wa boda alikuwa ananiletea nahifadhi kwenye dumu la plastiki. Mama aliipenda barafu kuliko kidonge chochote, yaani ikichelewa ananiita mwenyewe. Kuhusu choo walisema maji, mapapai, mlenda, matembele, na kutembea tembea ndani hata kama ni mpaka mlangoni na kurudi.

Walitufundisha pia maumivu ambayo hutakiwi kuyazima na dawa. Shavu la mguu likivimba na kuuma, homa, kidonda kutoa usaha, kifua kubana, hapo unarudi hospitali haraka.

Nyumbani ilisaidia kweli. Nlibandika ratiba ya panadol ukutani, na usiku mama alipokuwa analalamika nlikuwa naangalia kwanza dozi ya mwisho ilikuwa saa ngapi, naweka barafu, nainua mguu kwa mito, mara nyingi analala. Tramadol alitumia za mwanzoni tu tena usiku, akaachana nazo kabisa, na sasa hivi anapanda ngazi za kanisani kwa fimbo.

Sasa nyota niliyoizuia. Siku ya kuruhusiwa, dirisha la dawa la hospitali ile ile lilitupa tramadol paketi nzima, bila swali, bila maelezo, nyingi kuliko nesi alivyotuambia tutahitaji. Hiyo iliniuma. Darasa linafundisha hivi na dirishani wanafanya vingine, na mgonjwa ambaye hakuhudhuria atameza zote akidhani ndo dozi. Hao watu wakae meza moja na manesi, hakuna gharama yoyote hapo. Karatasi waliyotugawia nayo maandishi madogo mno, mama hawezi kuyasoma hata na miwani, na wamama waliokuwa pale wanaoelewa Kisukuma vizuri zaidi walitegemea dada mmoja muuguzaji awatafsirie, mgonjwa ambaye hakukaa karibu naye kakosa nusu ya mambo. Na namba ya kupiga usiku hawakutoa, wakati maumivu yanazidi usiku.

Pamoja na hayo naona kila anayebadilishiwa kiungo apitie darasa la hivi na iwe lazima sio hiari. Wa Sengerema na Geita mnaoogopa safari ya ziada, daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, habari ya kupanga foleni ya kivuko haipo tena, asubuhi unakuja na mchana umerudi. Nenda na yule atakayelala na mgonjwa nyumbani, sio yule mwenye gari tu. Bebeni dawa zote anazotumia mgonjwa, za presha, za sukari, za usingizi, na za mitishamba pia, waoneshe moja moja kabla hawajaandika chochote, na muulizeni dokta idadi kamili ya tramadol aliyoiandika ili dirishani mkipewa zaidi mrudishe hapo hapo.