Mtumba: kitambaa kwanza, jina la kampuni baadaye

Nguo ya mtumba imeshatumia sehemu ya umri wake kabla haijatua soko la Karume (Dar) au Gikomba (Nairobi). Unacholipia ni umri uliobaki, na huo uko kwenye kitambaa, si kwenye nembo ya kifuani. Tumepanga kuanzia kinachodumu zaidi.

Namba moja ni jinzi ya pamba asilimia 100, au 98 na elasteni (uzi unaovutika) 2. Lebo iko kiunoni kwa nyuma au kwenye mshono wa ubavuni. Igeuze nje ndani, iinue kwenye mwanga wa jua, ukague msamba na mapaja kwa ndani, maana huko ndiko jinzi huanza kufa. Ukikuta nyuzi nyeupe za mlalo zimebaki zenyewe na zile za bluu zimeshalika, rudisha hata kama bei ni ya kutupa: kiraka kitashonewa kwenye kitambaa kilichooza. Jinzi ya kuvutika ina kipimo chake. Vuta sehemu ya goti, achia. Likibaki na mawimbi, elasteni imeuawa na joto la mashine ya kukaushia, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Ya pili ni shati la kitani au la pamba nzito. Nyuzi za kitani huongezeka nguvu zikilowa, ndiyo maana huvumilia kufuliwa. Udhaifu wake ni mkunjo wa kola. Kola iliyolika upande mmoja tu fundi anaweza kuigeuza.

Fulana za pamba zinafuata. Ingiza mkono ndani: ukiona vidole vyako, ni nyepesi mno. Mshono wa ubavuni ukiwa umehamia tumboni, kitambaa kimejisokota na pasi haikinyooshi.

Sufu ni ya watu wa baridi ya Njombe au Limuru; kagua matundu ya nondo.

Pamba iliyochanganywa na polista haikunjamani ovyo, lakini hutoa vijidonge vya nyuzi visivyodondoka, kwa kuwa polista ni imara na huving'ang'ania. Pia hushika harufu ya jasho. Sugua makwapa kwa kiganja mpaka yapate joto, kisha nusa. Harufu iliyolala itaamka.

Viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kwa massa ya mbao) ni laini, inapendeza kwa magauni, ila ikilowa hupoteza nguvu nyingi na hurudi ikawa ndogo. Usiikamue kwa kuisokota.

Ya mwisho kabisa ni koti la ngozi bandia. Unyevunyevu huivunja taratibu hata likiwa limetundikwa tu, na Dar au Mombasa unyevu haukosekani. Likunje kwenye kiwiko: ukiona nyufa, litabanduka magamba.

Lebo imekatwa? Finyanga kitambaa ngumini kwa sekunde 10. Pamba na kitani hubaki na makunyanzi, polista hurudi ilivyokuwa. Nyumbani, chomoa uzi wa kitambaa chenyewe, si wa mshono, uuchome: pamba huacha jivu laini, polista huyeyuka ikawa kidonge kigumu, sufu hunuka nywele zilizoungua.