Mchuzi wa kijani na wali wa kushikana: nilivyokula Nyali

Biriani siihesabu. Wala chapati, sambusa, bajia, wala achari ya maembe. Najua zilivuka bahari kuja kwetu, lakini mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na hakuna atakayenishawishi kwamba bajia ni chakula cha kigeni. Ninaposema nilikwenda kula chakula cha Waasia, nakusudia wale wa mbali zaidi: Thailand, Japani, China.

Aliyenipeleka ni mdogo wangu. Amefanya kazi Doha miaka minne, akikaa nyumba moja na Wafilipino, na amerudi na ulimi wa watu wengine. Siku hizi kila sahani anaiona imekosa siki. Mkahawa wenyewe uko Nyali na jina silitaji, kwa sababu nina malalamiko mawili na ugomvi sitaki. Menyu yao imetia nchi tatu kwenye karatasi moja, na mimi mkahawa wa namna hiyo huuogopa kama ninavyoogopa duka linalouza kanga, betri na dawa ya panya pamoja.

Kabla ya kuagiza niliuliza habari ya halali. Kijana aliyetuhudumia akajibu haraka, "Nguruwe hatupiki, dada." Nikamwambia nguruwe sina wasiwasi naye, nauliza pombe. Wachina wengi hutia mvinyo wa mchele kukata shombo ya nyama na samaki, na Wajapani wana kitu kiitwacho mirin, kitamu kama shira lakini kina ulevi ndani. Yeye hakuwa anajua. Uzuri ni kwamba hakunidanganya. Aliingia jikoni akatoka na mpishi mwenyewe, chupa ya siki ya mchele mkononi, akanieleza kinachoingia kwenye wali na kisichoingia. Hapo wana alama zangu zote. Nawe ukienda popote kula vyakula hivi, uliza vivyo hivyo, usione haya.

Basi tukaanza na sushi, na hapa nikubali ujinga wangu: siku zote nilidhani sushi maana yake ni samaki mbichi. Kumbe sushi ni huo wali uliotiwa siki. Samaki ni wa kuongezea tu, na zipo zenye tango peke yake. Nilikula za tango, kisha moja ya jodari mbichi kwa kuapishwa. Jodari hakunishinda. Ni laini, hana harufu, anapita. Kilichonishinda ni wali. Sisi wali tunautaka punje mojamoja, ukiumwaga kwenye sinia utawanyike. Ukishikana ni mashendea, na mashendea kwetu hupewa mgonjwa. Mdogo wangu akanieleza kwamba mchele wao ni wa punje fupi, wanga wake ndio unaonata, na wanautaka hivyo hivyo, la sivyo utaokotaje kwa vijiti? Nimeelewa. Kupenda ni jambo jingine. Ule mwani uliozungushiwa, lakini, niliupenda: una chumvi ya bahari na unakatika kama karatasi. Nikawa nafikiria wale akina mama wanaolima mwani kule Kibuyuni, Kwale, wakiuanika na kuuza kwa kilo. Mwani wao si wa aina hii, lakini sijui kwa nini sisi wenyewe hatuuli.

Supu ya Kithai iitwayo tom yum ndiyo lalamiko la kwanza. Mchuzi wenyewe ulikuwa mzuri ajabu, mchaichai, ndimu na pilipili vimeshikana mpaka pua inafunguka. Kamba sasa! Kamba wa barafu, wamekauka kama mpira, kwenye mji ambao ukishuka pwani asubuhi unawapata wakirukaruka. Shilingi 1,100 nilizotoa zilistahili kamba wa leo. Lalamiko la pili ni kuchelewa: tulikaa dakika hamsini kati ya supu na chakula, bila hata kuambiwa "tunawaletea."

Kilipokuja, nilisamehe nusu. Tambi za pad thai zimepikwa kwa ukwaju, zikanyunyiziwa njugu za kuponda. Ukwaju ninaukuta kwenye sahani ya Mthai! Waarabu waliuita tende ya India, na mti wenyewe asili yake ni Afrika, kwa hiyo huyo ni ndugu yetu aliyesafiri akarudi na nguo mpya.

Ila mwenye siku ile alikuwa mchuzi wa kijani wa kuku. Rangi yake inatisha kidogo, utadhani mtu amesaga mchicha. Ni pilipili mbichi, mchaichai, vitunguu na mizizi ya jamaa ya tangawizi, vyote vimetwangwa pamoja. Mpishi alirudi mezani kutuuliza tunaonaje, nikamtaka anieleze anavyoupika. Anaanza na tui zito, analichemsha mpaka litoe mafuta, ndipo anakaanga viungo ndani yake; tui jepesi na kuku hufuata. Nikacheka. Tui zito na tui jepesi ni lugha ya jikoni kwa mama yangu, yeye na mbuzi yake na kifumbu chake. Tofauti ni kwamba sisi tui zito tunaliweka la mwisho, lisikatike. Wathai wanalikata kwa makusudi. Halafu kuna sosi ya samaki, samaki wadogo waliovundikwa kwa chumvi miezi na miezi. Ukiinusa chupani utakimbia, ila aliyekua na harufu ya papa mkavu jikoni hatishiki, na ndani ya mchuzi hupotea kabisa, inabaki ladha tu.

Jumla ilikuja shilingi 4,300 kwa watu wawili, maji ya chupa yakiwemo. Si ya kila wiki. Nendeni siku ya kazi, mapema kabla ya saa moja jioni, kamba muwaache, na wali ombeni wa kawaida.

Mchuzi uliobaki nilifungiwa nikampelekea mama. Alikamua ndimu, akachovya kipande cha chapati, akatafuna polepole kama hakimu. "Mpishi ni fundi," akasema. "Lakini nazi yake ni ya mkebe." Nilimpigia mdogo wangu nimwambie, akabisha. Juzi alipita tena pale kuuliza. Ni ya mkebe.