Kura kama Huduma: Ni Mfumo Upi Unaompa Mpigakura Thamani ya Muda Wake?

Katika huduma zote ambazo dola humpa raia, uchaguzi ndiyo huduma ambayo mtumiaji wake huonekana mkosefu akithubutu kuilalamikia. Akinung'unika kwamba foleni ni ndefu na matokeo hayabadiliki, huambiwa kuwa kupiga kura ni wajibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Tathmini hii inaichukulia kura kama huduma nyingine yoyote inayogharimiwa kwa kodi na kwa muda wa watu, na inauliza yale ambayo mteja yeyote angeuliza: karatasi ikishatumbukia sandukuni inafanya kazi gani, inahesabiwa mbele ya macho ya nani, na aliyebaki nyumbani amepoteza nini. Swali la kwanza ni zito kuliko mengine, na ndilo litakalochukua nafasi kubwa.

Nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Waingereza zilirithi mfumo wa jimbo moja, mbunge mmoja, ambapo anayeongoza kwa kura huchukua kiti hata kama hakufikia nusu. Sifa yake kuu ni wepesi: kila mtu anauelewa, hesabu yake humalizika mapema, na mwananchi anamjua kwa jina mtu wa kumdai barabara na zahanati. Sifa hiyo ni ya kweli na sitaibeza. Tatizo ni kile ambacho mfumo huu huzifanyia kura za walioshindwa, na pia zile za ziada za aliyeshinda, kwa kuwa zote hutupwa mlangoni mwa jimbo na hazihesabiwi tena popote. Katika uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 2024, chama cha Labour kilipata viti 411 kati ya 650 kwa takriban asilimia 34 ya kura, na jumla ya kura zake ilikuwa ndogo kuliko ile ya mwaka 2019, kiliposhindwa vibaya. Katika uchaguzi huohuo wa 2024, chama cha Reform UK kilipigiwa kura zaidi ya milioni 4 kikaambulia viti 5, ilhali Liberal Democrats, waliokuwa na kura zipatazo milioni 3.5, waliondoka na viti 72. Mtu anaweza kukipenda au kukichukia chama chochote kati ya hivyo, lakini hawezi kudai kwamba kura ya mmoja ilipewa uzito sawa na kura ya mwenzake.

Afrika inaijua kasoro hii kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1998, chama cha LCD nchini Lesotho kilipata asilimia 60 hivi ya kura na kujizolea viti 79 kati ya 80. Vyama vya upinzani, ambavyo kwa pamoja viliwakilisha karibu watu wanne katika kila kumi, vilibaki na kiti kimoja. Ghasia zilizofuata ziliuteketeza mji wa Maseru na kuyaleta majeshi ya Afrika Kusini na Botswana. Zanzibar ilipata kinyume chake mwezi Julai 1963: chama cha ASP kilipigiwa kura na zaidi ya nusu ya wapigakura, takriban asilimia 54, lakini kikapata viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na vyama vya ZNP na ZPPP. Serikali hiyo ilipinduliwa Januari 1964. Mapinduzi yalikuwa na vyanzo vingi, na ni makosa kuyabebesha mchoro wa majimbo peke yake. Hata hivyo, ni vigumu kumshawishi mtu aendelee kuliamini sanduku lililompa wingi wa kura likamnyima wingi wa viti.

Marekani nayo humchagua rais kupitia wajumbe 538 wa majimbo, na karibu kila jimbo humkabidhi mshindi wake wajumbe wote, isipokuwa Maine na Nebraska. Matokeo yake ni kwamba mwaka 2000 na mwaka 2016 aliyepata kura nyingi zaidi nchini kote hakuingia Ikulu. Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura takriban milioni 2.9. Katika jimbo ambalo chama kimoja hushinda kila mara, kura ya urais ina thamani ndogo kwa pande zote mbili, na kampeni hulijua hilo, ndiyo maana wagombea hulipita jimbo hilo juu kwa juu.

Kanuni ya kuvuka nusu ya kura, pamoja na duru ya pili pale inapohitajika, inatibu sehemu ya ugonjwa huu. Mahakama ya Katiba ya Malawi ilipofuta uchaguzi wa urais wa 2019, ambao ulimpa Peter Mutharika ushindi wa chini ya asilimia 39, ilitamka pia kwamba neno wingi katika katiba maana yake ni zaidi ya nusu, na marudio ya Juni 2020 yakampa ushindi Lazarus Chakwera kwa zaidi ya asilimia 58. Kenya inadai nusu na kura moja zaidi, tena inamtaka mshindi awe na robo ya kura katika angalau nusu ya kaunti zote 47, sharti zuri linalomlazimu mgombea kutoka nje ya ngome yake. Lakini duru mbili zina mtego wake, na Wafaransa walinaswa mwaka 2002. Wagombea walikuwa 16, kura za mrengo wa kushoto zikasambaa, mgombea wake mkuu Lionel Jospin akaachwa nyuma na Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia kwa kura zisizofika 200,000, na duru ya pili ikawa kati ya Le Pen na Jacques Chirac. Wafuasi wa Jospin ilibidi wampigie Chirac, ambaye hawakumtaka, na akashinda kwa zaidi ya asilimia 82.

Mfumo wa uwiano hugawa viti kulingana na kura za vyama, na kwa kipimo cha kura kufanya kazi hakuna unaoufikia. Afrika Kusini haina kizingiti cha kisheria, yaani kiwango cha chini cha kura ambacho chama lazima kikifikie ili kipate viti, hivyo chama chenye sehemu ndogo ya asilimia moja ya kura kinaweza kupata kiti katika Bunge la watu 400. Mwaka 2024 ANC kilipata takriban asilimia 40 ya kura na viti 159, karibu sawasawa. Kinachokosekana ni mtu wa kumbana. Mbunge aliyepangwa kwenye orodha ya chama humwogopa aliyeiandika orodha kuliko aliyempigia kura, na mpigakura mwenye shida haelewi ni mlango upi hasa aubishe. Tena uwiano unaweza kuharibiwa na kizingiti kikubwa: nchini Uturuki, ambako chama kilitakiwa kufikisha asilimia 10, uchaguzi wa 2002 uliviacha nje ya Bunge vyama vilivyochukua zaidi ya asilimia 45 ya kura, na chama cha AKP kikapata viti 363 kati ya 550 kwa asilimia 34 tu. Huo ni uwiano wa jina. Upande wa pili, Ubelgiji ilikaa siku 541 bila serikali kamili baada ya uchaguzi wa 2010, kwa sababu vyama vingi vinavyowakilishwa kwa haki lazima pia vikubaliane, na makubaliano hayana tarehe.

Ndiyo sababu mfumo ninaouweka juu ya mingine ni ule mseto unaotumika New Zealand na Ujerumani, ambapo mpigakura hupewa kura mbili, moja ya mbunge wa jimbo na nyingine ya chama, na viti vya orodha hutumika kufidia upotofu wa majimbo. Watu wa New Zealand hawakuupata kwa kusoma vitabu. Mwaka 1978 na tena mwaka 1981 chama cha National kilitawala kikiwa na kura chache kuliko Labour ya huko, na mwaka huo wa 1981 chama cha Social Credit kiliondoka na viti 2 baada ya kupigiwa na mtu mmoja katika kila watano. Wananchi wakaubadilisha mfumo kwa kura ya maoni ya 1993, na walipoulizwa tena mwaka 2011 wakasema unabaki. Lesotho ilifuata njia hiyohiyo kuanzia 2002, kwa kuongeza viti 40 vya fidia juu ya vile 80 vya majimbo. Mfumo huu ni mgumu kuueleza, nakiri, na kizingiti cha Ujerumani cha asilimia 5 bado hukata: mwaka 2025 chama cha BSW kilikikosa kwa kura zisizofika 10,000. Asiyetaka ugumu huo atazame Australia, ambako mpigakura huwapanga wagombea kwa namba, na wa mwisho akitolewa, kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata. Hapo mtu anaweza kumpigia anayempenda bila hofu ya kumsaidia anayemchukia. Ukamilifu usitarajiwe popote. Mwanauchumi Kenneth Arrow alionyesha kihisabati mwaka 1951 kwamba hakuna njia ya kujumlisha mipangilio ya namna hiyo, wagombea wakiwa watatu au zaidi, inayotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo sote tungeyaona ya haki.

Kuhusu namna ya kupiga na kuhesabu, teknolojia haiongezi thamani kama mpigakura hawezi kuikagua. Gambia imetumia gololi kwa miongo mingi: mpigakura huitumbukiza katika pipa lenye rangi na picha ya mgombea, kengele hulia mara moja, na aliyeko nje anajua kwamba hakuna aliyetumbukiza mbili. Sijaona mashine inayojieleza vizuri hivyo. Estonia imeruhusu kura ya intaneti tangu 2005, na humruhusu mtu aliyeshinikizwa kupiga upya baadaye, kura ya mwisho ikahesabiwa. Lakini Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua mwaka 2009 kwamba raia asiye mtaalamu lazima aweze kuhakiki hatua muhimu za uchaguzi, ikaikataa mitambo iliyotumika mwaka 2005. Ninakubaliana na mahakama hiyo. Hata hivyo, uwazi una mpaka wake, na Wakenya waliokuwapo mwaka 1988 wanaukumbuka mfumo wa mlolongo, ambapo watu walijipanga hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao katika uteuzi wa chama, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Kinachofaa kuwa wazi ni hesabu, na chaguo la mtu libaki siri yake. Kwa kipimo hicho, hatua ya tume ya uchaguzi ya Kenya mwaka 2022 ya kuweka mtandaoni fomu 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo, ili yeyote ajumlishe mwenyewe, ni miongoni mwa huduma bora ambazo mpigakura amewahi kupewa.

Je, inafaa kwenda? Hoja ya wanaobaki nyumbani ni kwamba kura moja haiamui kitu kati ya mamilioni, na kwa ngazi ya taifa hesabu yao si mbaya. Ila wanapima mahali pasipofaa. Katika uchaguzi wa Januari 1961 Zanzibar, jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na ASP kwa tofauti ya kura moja, na baada ya wabunge watatu wa ZPPP kugawanyika, pande mbili zikabaki kumi na moja kwa kumi na moja, hata uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni. Huko Rajasthan nchini India, mwaka 2008, C. P. Joshi, kiongozi wa chama cha Congress katika jimbo hilo, alishindwa kiti chake kwa kura moja. Kadiri eneo linavyokuwa dogo, ndivyo karatasi moja inavyokuwa nzito, na udiwani unastahili foleni kuliko wengi wanavyodhani.

Kususia, kwa upande wake, ni bidhaa mbovu. Upinzani nchini Kenya uliposusia marudio ya uchaguzi wa urais ya Oktoba 2017, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 39, na Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 98, kiapo kikafanyika. Kitufe cha kuwakataa wagombea wote, ambacho India imekiweka kwenye mashine tangu 2013, ni afadhali kidogo kwa sababu hasira hiyo huhesabiwa, ingawa hata kikiongoza, kiti humwendea mgombea anayefuata. Wajibu wa kisheria wa kupiga kura umeleta mabadiliko makubwa zaidi: Australia ilikuwa na wapigakura wasiofika asilimia 60 mwaka 1922, ikapitisha sheria mwaka 1924, na uchaguzi uliofuata ukavuka asilimia 91. Faini ya sasa ni dola 20 za huko kwa asiye na sababu ya msingi. Wanaoiona kuwa uonevu wana hoja, lakini pale ambapo kila mtu hupiga kura, chama hakiwezi kupanga sera zake kwa kudhani kwamba vijana na maskini watabaki nyumbani.